Kinamasi na mfumuko: historia ya ugomvi kuhusu mwanzo wa ulimwengu



Historia ninayotaka kuieleza leo ni ya jana na juzi. Wengi wa wahusika wake wako hai na bado wanaandika. Ni historia ya namna wataalamu wa nadharia ya nyuzi walivyojitokeza mwaka 2005, na kwa kishindo zaidi mwaka 2018, wakawaambia wataalamu wa kosmolojia: nyinyi mnatunga visa vya mwanzo wa ulimwengu ambavyo haviwezekani, na si kwamba darubini zimevikataa, ila sheria za uvutano wa kikwantamu haziviruhusu. Wale wakajibu: sheria zipi hizo? Zimethibitishwa wapi?

Mimi si mtafiti wa fani hii. Nimesomesha fizikia skuli za sekondari hapa Uingereza kwa miaka mingi, na makala hizi huzisoma usiku kama wengine wanavyosoma khabari za mpira. Lakini kila nikizungumza na Waswahili wenzangu, watu wenye elimu zao nzuri tu, naona mambo yamewafikia nusu nusu. Mmoja kaambiwa mfumuko wa ulimwengu umeshathibitishwa, mwengine kaambiwa umeshakufa. Yote mawili si kweli, na ndiyo maana nimeona niyapange kwa miaka yake.

Kwanza neno lenyewe. "Mfumuko" tumelizoea kwenye bei, na Waingereza nao hutumia neno moja kwa yote mawili. Kwa haki yake "kuumuka" kungefaa zaidi, maana ulimwengu uliumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, kila sehemu ikienda mbali na mwenzake bila ya kuwepo kitovu. Lakini mfumuko limeshaingia, basi tuende nalo.

Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Disemba 1979, kijana wa Kimarekani aitwaye Alan Guth, ambaye wakati ule hata kazi ya kudumu alikuwa hana, alikuwa Stanford akipiga hesabu. Yeye na mwenzake Henry Tye walikuwa wakijiuliza kwa nini hatuzioni sumaku zenye ncha moja, ambazo nadharia za wakati ule zilisema zingejaa kila pahala. Guth akaona kwamba kama ulimwengu mchanga uliwahi kukwama katika hali yenye nishati kubwa isiyopungua hata nafasi ikitanuka, basi nafasi yenyewe ingejiongeza maradufu, kisha maradufu tena, mara themanini na kitu, ndani ya kipande cha sekunde kisichotamkika. Sumaku zile zingetawanyika mpaka zisionekane. Na si hizo tu. Ukielekeza darubini upande huu wa mbingu na upande wa pili, mnururisho uliosalia tangu utoto wa ulimwengu una joto lile lile, Kelvini 2.7, tofauti zikiwa sehemu moja katika laki moja. Pande hizo mbili, kwa hesabu za zamani, hazikuwahi kukutana hata zikapatana joto. Kwa hesabu ya Guth zilikutana, kisha zikatenganishwa ghafla. Makala yake ilitoka Januari 1981.

Moscow nako, Alexei Starobinsky alikuwa amefika karibu na pale pale kwa njia nyengine kabisa. Alichukua milinganyo ya Einstein, akaongeza masahihisho yanayotokana na kwantamu, akapata ulimwengu unaofumuka wenyewe. Makala yake ni ya 1980. Namtaja sasa kwa sababu kielelezo chake kitarudi mwisho wa hadithi. Alifariki Disemba 2023.

Toleo la kwanza la Guth lilikuwa na kasoro: mfumuko ukianza, haukuweza kumalizika vizuri. Mwaka 1982 Andrei Linde kwa upande mmoja, na Andreas Albrecht na Paul Steinhardt kwa upande mwengine, walilirekebisha. Badala ya ulimwengu kukwama, sasa kulikuwa na uga, yaani kitu kilichoenea kila pahala na chenye thamani yake kila nukta, kama joto lilivyoenea chumbani. Uga huo uko juu ya mlima wa nishati, na unateremka polepole. Ukiwa unateremka polepole, ulimwengu unafumuka. Ukifika bondeni, nishati inageuka chembe na joto, na hadithi ya mlipuko mkuu tuliyoisoma skuli inaanzia hapo. Mwaka 1983 Linde alirahisisha zaidi: hapana haja ya mlima wa namna maalumu, hata bakuli la kawaida litafaa, mradi uga uanze mbali na kitako.

Shika picha hiyo, maana ugomvi wote unahusu maswali mawili: uga umesafiri umbali gani, na mlima una mwinamo gani.

Majina nayo tuyakumbuke. Steinhardt ni mmoja wa wazazi wa mfumuko, na baadaye aligeuka akawa mpinzani wake mkubwa. Linde hajageuka hata siku moja.

Miaka ya katikati naipita haraka, imeandikwa mno. Mukhanov na Chibisov walionyesha mwaka 1981 kwamba mitetemo ya kikwantamu ndiyo ingekuwa mbegu za magalaksi. Setilaiti ya COBE ilitangaza mwaka 1992 kwamba mbegu hizo zinaonekana kwenye mnururisho. WMAP ikafuata mwaka 2003, kisha Planck ya Wazungu. Kwenye matokeo yake ya 2018, Planck ilitoa namba iitwayo n_s, inayosema mbegu kubwa zina nguvu zaidi kidogo kuliko ndogo: 0.965. Mfumuko ulitabiri iwe karibu na moja lakini si moja khasa. Si jambo dogo hilo. Mtu akikwambia mfumuko ni hekaya tupu, muulize namba hiyo ilitoka wapi.

Sasa umbali. Mwaka 1996 David Lyth wa Chuo Kikuu cha Lancaster aliandika makala fupi ambayo nadhani ndiyo mlango wa mambo yote yaliyofuata. Mfumuko, mbali na mbegu za magalaksi, hutoa pia mawimbi ya uvutano. Uwiano wa mawimbi hayo na mbegu zile huitwa r. Lyth alionyesha kwamba r inafungamana na safari ya uga: r ikipita 0.01 hivi, basi uga umesafiri zaidi ya kipimo kimoja cha Planck. Kipimo cha Planck ndipo uvutano unapokuwa na nguvu sawa na mambo mengine ya kwantamu. Ukikihesabu kwa uzito wa chembe ni kama mara bilioni bilioni mbili na nusu ya protoni. Bakuli la Linde lilihitaji safari ya vipimo 15 hivi.

Kuna ubaya gani kusafiri vipimo 15? Hapa ndipo watu walipogawana. Ubaya ni huu: umbo la mlima tunaloliandika kwenye karatasi ni makadirio. Uvutano wa kikwantamu lazima uongeze masahihisho, na masahihisho hayo hukua kila uga unapokwenda mbali. Ndani ya kipimo kimoja unaweza kuyapuuza. Nje ya hapo, mlima uliodhani ni laini unaweza kuwa na mashimo na mabonde. Jibu la Linde lilikuwa, na bado ni, kwamba kinachotia hofu ni nishati kufika kipimo cha Planck, wala si thamani ya uga; na nishati ya mfumuko iko chini sana ya hapo. Akaongeza kwamba ukiwa na ulinganifu unaoufanya uga usijali uko wapi, masahihisho hayakui. Jibu zuri. Swali likabaki: je, uvutano wa kikwantamu unauheshimu ulinganifu huo?

Kwa muda mrefu nadharia ya nyuzi haikuwa na la kusema hapa, kwa sababu ilikuwa inasema kila kitu. Nyuzi zinahitaji dimensheni kumi. Sita lazima zikunjwe, na njia za kuzikunja ni nyingi kupindukia. Mwaka 2003 Kachru, Kallosh, Linde na Trivedi, ambao makala yao hufupishwa KKLT, walieleza njia ya kupata ulimwengu wenye nishati chanya kama huu wetu, na baada ya hapo ikazoeleka kusemwa kwamba kuna ulimwengu wa namna kama 10 kwa kipeo cha 500. Wakaiita mandhari. Ukiwa na mandhari pana kiasi hicho, utakikosa kielelezo gani cha mfumuko? Baadhi ya watu walikata tamaa kabisa. Nadharia inayoruhusu yote haina la kumwambia mwenye darubini.

Cumrun Vafa, mzaliwa wa Tehran na profesa wa Harvard, aligeuza swali mwaka 2005. Alisema, tuache kuhesabu yaliyomo kwenye mandhari, tuulize ni yapi hayawezi kuwemo. Kuna nadharia ambazo ukizitazama zinaonekana nzima, hesabu zake zinakaa sawa, lakini ukizitia uvutano wa kikwantamu zinavunjika. Eneo la nadharia hizo aliliita kinamasi. Nimefikiria sana neno la Kiswahili, "bwawa" halifai maana bwawa unaliona, na "tope" ni dogo mno. Kinamasi ndicho: kwa mbali ni majani mabichi kama konde la mpunga, ukikanyaga unazama. Na mandhari ni kisiwa kidogo katikati yake.

Vipi utajua umesimama wapi? Kwa makisio. Natumia neno hili kwa makusudi, maana hayajathibitishwa kihesabu. Ni kanuni ambazo watu wameziona zikitimia kila mara walipojaribu mfano wa nyuzi, pamoja na hoja za mashimo meusi. Lililo kongwe kabisa linasema uvutano wa kikwantamu hauachi ulinganifu wa jumla ukiwa mzima. Shimo jeusi likimeza vitu kisha likayeyuka, hesabu ya ulinganifu huo inapotea. Hili lilikuwepo kabla ya Vafa na kwa rai yangu ndilo lenye mizizi zaidi. Mwaka 2006 yakaongezwa mawili yaliyogusa mfumuko moja kwa moja.

La kwanza, la Arkani-Hamed, Motl, Nicolis na Vafa, linasema uvutano lazima uwe ndiyo nguvu dhaifu kupita zote. Ukiwa na nguvu kama ya umeme, lazima iwepo chembe ambayo kwake msukumo wa chaji unaushinda mvuto wa uzito wake. Mtu atauliza, hili na mfumuko wapi na wapi? Linafika kupitia aksioni. Mwaka 1990 Freese, Frieman na Olinto walikuwa wamependekeza mfumuko wa asilia, ambapo uga ni aksioni, na mlima wake ni mawimbi yanayojirudia, kilele na bonde, kilele na bonde, yakilindwa na ulinganifu. Kilikuwa kielelezo kizuri kuliko vyote kwa macho yangu. Lakini ili kitoe namba sahihi, upana wa wimbi lazima uzidi kipimo cha Planck. Tangu 2003 Banks na wenzake walikuwa wametafuta aksioni pana hivyo kwenye nyuzi wasiipate. Kisio la uvutano dhaifu likatoa sababu: ukiupanua wimbi kupita kipimo hicho, mawimbi madogo madogo yanapanda juu yake kwa nguvu ile ile, na mlima laini unakuwa ngazi za kuvunjia miguu.

La pili, la Hirosi Ooguri na Vafa, ni kisio la umbali. Linasema uga ukisafiri mbali sana, safu nzima ya chembe mpya zisizo na kikomo inakuwa nyepesi, na wepesi wenyewe unakwenda kwa kipeo. Mfano wake ni rahisi. Chukua dimensheni moja iliyokunjwa kama mduara, na uga ndiyo ukubwa wa mduara. Ukiupanua sana, mawimbi yanayouzunguka yanakuwa mepesi. Ukiuminya sana, nyuzi zilizojiviringisha kwake ndizo zinazokuwa nyepesi. Kokote utakakokwenda unakuta wageni, na nadharia uliyoanza nayo haihesabu tena vizuri. Anayejua pwani zetu ataelewa: maji yakipwa unaweza kutembea mbali ukiokota chaza, lakini kuna pahala ambapo bahari ikianza kujaa hurudi kwa njia uliyoendea.

Si kwamba wapenda mfumuko walikaa kimya. Kuna waliolinganisha aksioni mbili, kuna waliokusanya mamia yao. Eva Silverstein na Alexander Westphal mwaka 2008 walileta hila ambayo mpaka leo naistaajabia: aksioni inayozunguka duara lakini kila mzunguko ikipanda daraja, kama ngazi za mnara wa msikiti. Ukitazama kwa juu unazunguka pale pale, kumbe umeshapanda mbali. Matoleo ya mwanzo yalitabiri r ya 0.04 na 0.07.

Mpaka hapo haya yalikuwa mazungumzo ya watu wachache. Kilichoyatoa nje ni tarehe 17 Machi 2014. Darubini ya BICEP2 iliyoko Ncha ya Kusini ilitangaza imeona alama za mawimbi ya uvutano ya mfumuko, na r ni 0.20. Video ya Linde akigongewa mlango wake Stanford na kupewa khabari, mkewe Renata Kallosh akiwa pembeni, kisha shampeni ikafunguliwa, ilienea dunia nzima. Kwa hesabu ya Lyth, r hiyo ina maana uga ulisafiri vipimo vya Planck kadhaa. Ghafla mbingu zilikuwa zinasema kwamba safari ndefu ilitokea kweli, na kisio la uvutano dhaifu lilikuwa linasema haiwezekani kirahisi. Ukisoma makala za miezi ile na mwaka uliofuata, utaona watu wamelifanyia kazi kisio kwa bidii ambayo hawakuwahi kuwa nayo: wakaonyesha kwamba hata hila za kulinganisha na kukusanya aksioni, mara nyingi, kisio linazifuata na kuzibana. Kazi hiyo ilibaki. Ugunduzi wenyewe haukubaki. Hesabu ya pamoja na Planck, iliyotoka mwanzoni mwa 2015, ilionyesha kwamba BICEP2 walikuwa wameona, kwa sehemu kubwa, vumbi la galaksi yetu wenyewe.

Naomba msomaji alipime jambo hili kwa uangalifu, maana limesahaulika. Nadharia haikushinda pale. Vumbi ndilo lililoshinda. Lakini tulipata kuona kwamba makisio haya, hata bila ya uthibitisho, yanaweza kupambanishwa na namba inayotoka kwenye darubini. Kabla ya 2014 wengi hawakuamini hivyo.

Mambo yakawa makali zaidi. Mwanzoni mwa 2017 Steinhardt, pamoja na Anna Ijjas na Abraham Loeb, waliandika kwenye jarida la Scientific American kwamba mfumuko umekuwa laini mno hata haupimiki. Wakajibiwa kwa barua yenye saini 33, Hawking na Weinberg wakiwemo. Katika sayansi, barua za saini si kawaida, na kusema kweli sikupenda upande wowote ule ulivyojiendesha.

Kisha ikaja Juni 2018. Obied, Ooguri, Spodyneiko na Vafa walitoa kisio jipya kuhusu swali la pili, la mwinamo. Walisema kwamba katika uvutano wa kikwantamu mlima wenye nishati chanya hauwezi kuwa bapa. Mwinamo wake, ukiugawa kwa urefu wake kwa vipimo vya Planck, hauwezi kushuka chini ya namba fulani isiyo mbali na moja. Maana yake hapana bonde lolote lenye nishati chanya pa kutulia. KKLT ingekuwa imejengwa kinamasini. Nishati ya giza inayoutanua ulimwengu leo isingekuwa namba thabiti ya Einstein, bali uga unaoteremka bado. Na mfumuko? Siku chache tu baadaye Agrawal, Obied, Steinhardt na Vafa walitoa makala ya matokeo yake. Jina la Steinhardt mnaliona hapo. Kwa data za leo, mfumuko wa uga mmoja unadai mwinamo usiozidi 0.07 hivi. Kisio linataka karibu na moja. Viwili hivyo havikai chungu kimoja.

Majibu yalimiminika, nami naona hii ndiyo sehemu yenye mafunzo kuliko zote. Denef, Hebecker na Wrase walichukua uga wa Higgs, ambao tunaujua upo, wakaonyesha kwamba una kilele chake, na kileleni mwinamo ni kama hakuna. Kisio kama lilivyoandikwa Juni lingetia matatani hata vitu tulivyovipima. Kufikia Oktoba, Ooguri, Palti, Shiu na Vafa walikuwa wamelirekebisha, na Garg na Krishnan walishapendekeza jambo la namna hiyo: ama mlima uwe na mwinamo mkali, ama uwe umepinda chini kwa ukali. Vilele vikaokoka. Mfumuko haukuokoka kwa hilo, maana n_s inadai mpindo wa kiasi cha sehemu ya mia, na kisio linataka, tena, karibu na moja.

"Karibu na moja" ni kiasi gani, hapo ndipo mashaka yangu yalipo. Mtu akikubali sehemu ya kumi, mambo yanaanza kusogeleana. Akishikilia moja kamili, yamekwisha. Kisio lenye namba inayovutika namna hii linataka subira kabla ya kulifanya hakimu. Achúcarro na Palma walionyesha mlango mwengine mwaka ule ule: ukiwa na uga zaidi ya mmoja, na njia ikipinda kona, mlima unaweza kuwa na mwinamo mkali na mfumuko ukaendelea, kama gari linaloteremka mlima kwa barabara ya zigizaga. Linde na Kallosh, pamoja na Akrami na Vardanyan, wao walijibu kwamba hoja dhidi ya KKLT hazitoshi na kwamba data zinapendelea namba thabiti ya Einstein. Tukumbuke Linde ni mmoja wa waandishi wa KKLT yenyewe. Na Vafa ndiye aliyekiita kinamasi jina. Hapa kila hakimu ana shamba lake kwenye mpaka unaogombaniwa.

Septemba 2019 Alek Bedroya na Vafa waliongeza kali kuliko zote. Jérôme Martin na Robert Brandenberger walikuwa wameuliza tangu 2000 swali la kuudhi: mfumuko ukiendelea muda mrefu, mbegu za magalaksi tunazoziona leo zilianza zikiwa ndogo kuliko urefu wa Planck, ambako fizikia hatuijui kabisa. Tutaziaminije? Bedroya na Vafa walisema maumbile hayaruhusu jambo hilo. Mfumuko lazima ukome kabla. Wakiwa na Brandenberger na Loverde wakapiga hesabu: nishati ya mfumuko isizidi GeV bilioni moja hivi, ilhali vielelezo vya kawaida huweka karibu na GeV 10 kwa kipeo cha 16. Na r isizidi 10 kwa kipeo cha hasi 30. Si sifuri nukta sifuri moja, la: sifuri ishirini na tisa baada ya nukta kabla ya kuona tarakimu. Brandenberger na Vafa walikuwa na kisa chao cha mwanzo wa ulimwengu kisicho na mfumuko tangu 1989, cha gesi ya nyuzi. Silisemi kwa kuwatilia shaka, nalisema kwa sababu historia huandikwa hivyo.

Wakati huo mbingu nazo zilikuwa zinafanya kazi yake kimya kimya. Mwaka 2021 kundi la BICEP/Keck lilitoa kikomo: r ni chini ya 0.036. Bakuli la Linde la 1983, linalohitaji r ya 0.13, likatoka mchezoni. Matoleo ya mwanzo ya ngazi za mnara nayo yakatoka. Mfumuko wa asilia hivyo hivyo. Ukitazama, ni vielelezo vile vile vya safari ndefu ambavyo makisio yalivishuku tangu 2006. Sadfa? Inawezekana. Kisio la umbali likipigiwa hesabu na kikomo hiki linaruhusu safari ya vipimo kama 11 ukigawa kwa namba moja ya nadharia, na mwaka 2022 Etheredge na wenzake walipendekeza namba hiyo isipungue 0.7. Unapata 15 hivi, pale pale mlangoni pa bakuli la Linde. Kwa hiyo hata kisio peke yake lisingelifukuza bakuli. Darubini ndiyo iliyolifukuza.

Kilichobaki kikiwa kinapendwa ni kile cha Starobinsky, chenye r ya 0.003 na n_s karibu 0.965. Hata hicho hakikuachwa. Disemba 2023, mwezi ule ule aliofariki, Lüst, Masias, Muntz na Scalisi walitoa makala wakihitimisha kwamba kuna ushahidi mzito kuwa kiko kinamasini. Hoja yao ni kwamba nguvu ya masahihisho yake inakwenda sambamba na idadi ya chembe nyepesi, na kwa mfumuko inahitaji chembe nyingi mno. Kisha Machi 2025 darubini ya ACT ya Atacama, ikichanganywa na Planck na data za DESI, ikatoa n_s ya 0.974, juu kidogo ya anapotaka Starobinsky. Tofauti si kubwa ya kuamua kesi, na wako wanaosema inatokana na data za DESI kutopatana vizuri na mnururisho. DESI hao hao, mwaka 2024 na tena 2025, walionyesha dalili kwamba nishati ya giza inabadilika, jambo ambalo watu wa kinamasi walilipokea kwa furaha msiyoweza kuidhania.

Jangwani Atacama, Chile, Simons Observatory imeshaanza kupima, na lengo lake ni kuipata r mpaka elfu chache. Ikionekana r ya 0.01, au hata 0.003, basi kisio la Bedroya na Vafa litakuwa limegongana na mbingu, na mmoja lazima apishe. Isipoonekana, halitokuwa limethibitika: kutoka sehemu ya elfu mpaka 10 kwa kipeo cha hasi 30 ni mbali, na katikati hapo milima ya uga iko mingi.